Sahani Iliyorudi Tupu

Kama kuungama kungekuwa mpira, Honorine angevaa namba kumi mgongoni. Aliijua kazi hiyo. Alijua padri yupi husikiliza huku macho yameanza kufumba, na alijua kwamba ukianza na hasira na ukamalizia na uvivu wa kusali, katikati pale unaweza kupitisha jambo lolote bila kuulizwa. Kila Kwaresima alisimama kwenye foleni ya parokia yao huko Katuba, Katanga, kitambaa kichwani, rozari mkononi, mama mzima kiongozi wa shirika. Shirika ni lile kundi la majirani Wakatoliki wa avenyu moja wanaokutana kila juma kusali kwenye lupango, yaani uwanja, wa mmojawao, na kiongozi wake huheshimiwa kama dada mkubwa wa watu wote. Waliomfuata kwenye foleni walifarijika kumwona. Ikiwa hata huyu ana dhambi, walijiambia, basi sisi wengine tutapata pa kujibanza.

Na kila mwaka, katikati ya hasira na uvivu, Honorine aliingiza sentensi moja, haraka, kama mtu anayepitisha chumvi mpakani Mokambo chini ya kikwembe alichojifunga.

"Tena, Abbé, nilimwanga chakula."

Padri wa zamani, mzee mpole mwenye sikio moja zito, alimkumbusha kwamba watu wana njaa mjini, akampa Salamu Maria chache, na mambo yakaisha. Yakaisha kwa padri. Mwaka uliofuata Honorine alirudi na sentensi ileile, na uliofuata tena. Sasa dhambi iliyosamehewa imesamehewa. Hayo Honorine mwenyewe aliwafundisha wanawake wa shirika, tena kwa sauti ya juu. Lakini hii yake ilikuwa kama mwiba uliovunjikia mguuni. Juu ngozi imefunga, wala hakuna kidonda cha kumwonyesha mtu, ila ukikanyaga unausikia.

Chakula chenyewe kilikuwa vitumbula.

Mumewe, Numbi, ana dada mkubwa aitwaye Kapya. Baba yao alifanya kazi ya reli, akawaachia lupango moja: Numbi na Honorine na watoto wao nyumba ya mbele, Kapya chumba cha nyuma. Kapya alikuwa mjane, hakubahatika kuzaa, na aliishi kwa vitumbula. Asubuhi jua likichomoza unga wake ulikuwa umeshaumuka kwenye beseni, mbabula, jiko lake la makaa, imewaka mlangoni pa lupango, na yeye anaukamua unga kwa ngumi, unaanguka kwenye mafuta donge kwa donge, unavimba na kugeuka rangi ya udongo wa Katanga. Watoto wa shule walimjua, mafundi walimjua, hata mwalimu mkali wa avenyu ya tatu alisimama pale akajifanya anauliza habari. Lakini kabla hajauza hata kimoja, Kapya alijaza sahani ya bati nyeupe yenye ua jekundu katikati, akaifunika kwa kitambaa, akaipeleka nyumba ya mbele. Sahani ya kwanza ilikuwa ya watoto wa ndugu yake. Honorine hakuirudisha tupu kamwe, maana kwao sahani ya mtu hairudi tupu: utaweka nyanya, utaweka chumvi, ukikosa kabisa utaweka hata limau moja, ili mkono uliotoa ujue umepokewa.

Kisha Syntiche, mtoto wa mwisho, akaanza kuugua. Alikuwa mdogo bado, wa kubebwa mgongoni. Vidole vilimvimba, miguu ikamvimba, akalia kilio cha mtu mzima mwenye deni na kifo. Dawa za malaria hazikufaa kitu. Honorine alisali novena, akawasha mishumaa, akasubiri, na mtoto akazidi kulia. Hapo ndipo mama kiongozi wa shirika alipojifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, akaenda mtaa asikojulikana, kwenye chumba cha maombi cha nabii mmoja wa suti nyeupe. Nabii alimshika mtoto kichwa, akafumba macho, akasema: "Hii ugonjwa inapita mu kinywa. Muntu mwenye kumulisha mutoto iko karibu. Iko mu lupango."

Hakutaja jina. Ana akili yule. Jina hulitaja mwenyewe aliyekuja.

Kesho yake asubuhi sahani ilifika kama kawaida, imefunikwa. Ilikuwa saa ya maji, na wanawake wa avenyu walikuwa wamepanga ndoo zao kwenye bomba la lupango lao, maana bomba la Honorine ndilo lililokuwa halikauki. Honorine alipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru. Kapya alipompa mgongo tu, akaitembeza mpaka kwenye shimo la takataka, mbele ya ndoo zote, akavimwaga vitumbula vyote, vikiwa bado vinatoa moshi. Akaosha sahani. Akaiosha sana, kwa mchanga na sabuni, akaisuuza tena. Halafu akaenda kuiweka kwenye kizingiti cha Kapya, safi, inang'aa, tupu.

Hakusema neno. Wanawake kwenye bomba nao hawakusema neno. Kule kwao hakuna haja ya kutafsiriwa: mtu akikataa chakula cha mkono wako baada ya kukila miaka yote, na ndani kuna mtoto mgonjwa, amekwisha kukuita mlozi, yaani mchawi.

Jioni Kapya alikuja, amesimama nje ya mlango kama mgeni. "Mulamu," alisema, yaani wifi, "kuko nini?"

"Hakuna kitu," Honorine akamjibu.

Na hakukuwa na kitu, kweli. Watoto wa shule tu walianza kupita upande wa pili wa barabara. Fundi mmoja alichukua vitumbula vyake, akakumbuka ameacha pesa nyumbani, hakurudi. Unga ulikaa kwenye beseni ukaumuka, ukashuka, ukachacha. Kabla mvua hazijaisha Kapya alifunga vitu vyake, akahamia Ruashi, kule ng'ambo ya mgodi, ambako nyumba ni mpya na watu hawajuani. Numbi alimbebea dada yake kitanda begani mpaka kwenye mkokoteni, akarudi, akaketi, akala bukari yake, yaani ugali, bila kumtazama mkewe. Miezi michache baadaye akaenda Kambove kuchimba, na tangu hapo huja nyumbani mwisho wa mwezi tu.

Ungedhani habari imeishia hapo. Mwaka uliofuata daktari mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alipima damu ya Syntiche na kumwambia Honorine kwamba mtoto ni SS, ana ugonjwa wa selimundu. Damu yenyewe ndiyo mgonjwa. Alimchorea kwenye kipande cha karatasi: nusu imetoka kwa baba, nusu imetoka kwa mama, zimekutana ndani ya mtoto.

"Muntu haiwezi kumutilia mu chakula?" Honorine aliuliza.

Daktari alimtazama kidogo. "Hapana, mama. Alizaliwa nayo. Mulimupa weye na bwana yako."

Alitembea kwa miguu kurudi nyumbani, mtoto mgongoni, na njia nzima alimsikia yule mlozi akitembea naye ndani ya mishipa yake mwenyewe. Siku ileile angeweza kwenda Ruashi. Angeweza walau kusimama kwenye bomba na kusema, jamani, mtoto wangu ni SS, Kapya hana kosa. Lakini ungesemaje "Kapya hana kosa" wakati hukuwahi kusema ana kosa? Ndivyo alivyojiuliza, na swali lilimpendeza, akalikalia. Majirani aliwaambia ni ugonjwa wa damu, basi. Waliitikia wakampa pole, na hakuna aliyelitaja jina la Kapya, na Honorine akamshukuru Mungu kwa hilo. Baadaye usiku aliona haya kwa aliyomshukuru Mungu.

Miaka ikapita hivyo. Syntiche alijifunza kunywa maji mengi na kutocheza kwenye baridi, akakua mwembamba mwenye macho makubwa, akaingia katekesimu. Kwaresima ya mwaka huu alikuwa anajiandaa kwa maungamo yake ya kwanza, na mama yake alimsaidia kukagua dhamiri. Je, nimesema uongo? Je, nimechukua kitu cha mwenzangu? Mtoto alijibu yote kwa uaminifu wa kutisha. Walipofika kwenye swali la kukataa kumsalimu mtu, akauliza: "Mama, tantine Kapya tunamukataaka juu ya nini?"

"Hatumukatake. Aliendaka kuikala Ruashi."

"Na Ruashi iko mbali sana?"

Honorine akamwambia akalete maji.

Jumamosi ile alisimama kwenye foleni kama desturi. Padri mzee alikuwa amestaafu. Kwenye kiti cha maungamo alikuwa Abbé Elisée, kijana, mwembamba, aliyeletwa parokiani baada ya Noeli. Kijana atakuwa na haraka, Honorine alifikiri. Akapiga magoti, akaanza na hasira, akapita kwenye umbea, akafika katikati.

"Tena, Abbé, nilimwanga chakula."

"Chakula ya nani?"

Hakuna padri aliyewahi kumuuliza hivyo. Alitafuta jibu kwenye giza la wavu kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Ya... ya batoto."

"Batoto njo balipika?"

"Hapana, Abbé. Mulamu yangu njo alipika."

Padri angeuliza tena, Honorine angekwepa tena. Lakini alinyamaza, na kimya kile kilimvuta Honorine kama kamba. Alisimulia yote. Nabii, sahani, bomba, kizingiti, mkokoteni, daktari. Nyuma yake foleni ilianza kukohoa. Alipofika mwisho alishika mahali pamoja pekee palipokuwa safi.

"Lakini miye sikumutajaka, Abbé. Sikusema kwa muntu hata mumoja. Mungu anajua."

"Mama," padri akasema polepole, "kama ungemutukana, angekujibu. Kama ungemushitaki, bazee bangeikala, angejitetea, bangemusikia. Weye ulimutia mu kesi yenye haina muntu wa kuitika. Ile kimya yako njo iliuma kupita matusi."

Honorine alilia hapo. Hakuwa mtu wa kulia kwenye maungamo. Aliwaona wanaolia huko kama wenye kujionyesha.

"Sitakupa Salamu Maria," Abbé Elisée akaendelea. "Zile unazijua. Malipizi yako ni hii: bantu balikuona unamwanga, basi bakuone unakula. Chakula ya mukono yake, mbele ya bale bale. Na ile haukusema, useme. Uko tayari?"

"Niko tayari, Abbé."

Alikuwa tayari kwa lolote, magoti yalivyokuwa yanamuuma. Padri akainua mkono akamwondolea dhambi. Honorine akasali sala ya kutubu bila kukosea neno, akatoka, na alipofika kwenye ngazi za kanisa akasikia uzito wake haujapungua hata kidogo. Safari zote zile alitoka na Salamu Maria, akazimaliza kabla ya kufika sokoni. Hii ya leo ilikuwa na majirani ndani yake.

Akampigia mumewe simu Kambove. Alitegemea Numbi atakasirika, na hasira ya mume ni sababu nzuri ya kuahirisha. Numbi alisikiliza mpaka mwisho.

"Uende," akasema. "Ile kitanda ya yaya Kapya, mpaka leo iko ku mabega yangu."

Basi akaenda siku ileile, amemshika Syntiche mkono. Lakini mtu wa kujipunguzia malipizi hakosi njia. Mbele ya watu, padri alisema. Je, Ruashi hakuna watu? Alinunua unga, chupa ya mafuta, kikwembe kipya cha maua, akajaza mfuko hadi kamba zikamkata kiganja. Atakula hukohuko, watu watamwona, atasema pole, atarudi nyumbani msafi kabla ya Jumapili ya Matawi.

Kapya alikuwa ameketi kando ya barabara wanayopita wachimbaji wakitoka kazini, mbabula mbele, beseni ubavuni. Alikuwa amekonda, na nywele za mbele zimekuwa nyeupe. Wanunuzi walikuwapo, tena wengi, wakimtania. "Mama Kwanza-Mimi, utupatie ya kumi." Honorine akaona sababu ya jina. Kila mnunuzi alipotaja anachotaka, Kapya alichukua kitumbula kimoja katika fungu lake, akavunja kipande kidogo cha kumtosha kifaranga, akakitia kinywani, akatafuna, akameza, ndipo akampa mtu fungu lake. Wachimbaji walicheka, wakalipa, wakaenda. Biashara gani hii ya kula mali yako, Honorine alifikiri, uzee umemletea uroho. Alikuja kutubu, lakini hata hapo macho yake yaliona kosa la mwenzake kwanza.

"Karibu, mulamu," Kapya akasema, kana kwamba waliachana juzi. Alimtazama Syntiche kwa muda mrefu. "Huyu njo kamama kenye kalikuwa kanalia? Ikala, mama." Akavunja kipande, akala, akampa mtoto kitumbula. Akavunja kingine, akala, akampa Honorine.

Honorine alikula. Alikula kwa haraka, ameinua uso, ili aonekane. Hakuna aliyemtazama. Mwanamke anakula kitumbula Ruashi. Ni habari gani hiyo?

"Mulamu, unisamehe," akasema.

"Juu ya nini?"

"Juu ya yote."

"Yote ni mingi. Taja moja."

Mafuta yalilia kwenye kikaango. "Juu ya sahani," Honorine akasema, na kwa kuwa alishaanza, akaendelea. "Nilimwanga juu balinidanganya. Balisema mutoto analishwa bulozi. Kisha docteur alipima damu yake. Iko SS. Ni damu ya Numbi na yangu. Haikutoka kwako."

Kijiko kirefu cha Kapya kilisimama. "Docteur alipima lini?"

Honorine angeweza kudanganya hapo, na uongo ungekuwa mfupi. "Mwaka wenye kufata kuhama kwako."

Vitumbula kwenye mafuta vilipita rangi ya udongo, vikafika rangi ya kahawa, vikawa makaa, na harufu ya kuungua ikamfanya mchimbaji mmoja ageuke. Ndipo Kapya akaviopoa, akavitupa kando, kimoja kimoja.

"Miaka hii yote nilikuwa nakuombea," akasema. "Nilisema, mulamu anaamini, balimutia woga, mama mwenye mutoto mugonjwa atafanya nini? Muntu mwenye kuamini unamuhurumia. Ile ya sahani nilishaka kukusamehe zamani." Alifuta mikono kwenye kikwembe chake. "Kumbe ulijua. Ulijua, na ulinyamaza, na miye niko huku."

Syntiche aliacha kutafuna. Honorine aliutafuta ule mfuko wa zawadi, akauona umekaa kwenye vumbi kama mtu mjinga aliyekuja bila kualikwa. Kama ardhi ingefunguka angeingia bila kuhimizwa.

"Hapa umekula bule," Kapya akasema mwishowe. "Hapa hakuna muntu alikuona ile siku. Shirika iko kwenu lini?"

"Alhamisi, nyuma ya saa sita ya muchana."

"Nitakuya na mbabula yangu. Ukisema, nitasikia. Usiposema, nitauzisha yangu, nitarudia Ruashi."

Siku zile hadi Alhamisi Honorine alisali sana, na si kwa unyoofu. Aliomba mvua. Aliomba Kapya apate kazi nyingi. Mara moja, akiwa anapepeta unga, alijikuta anaomba Kapya augue kidogo tu, homa ya siku moja, na alipojisikia aliweka ungo chini, akakaa kwenye sakafu. Huyu ndiye kiongozi wa shirika. Usiku alihesabu atakachopoteza: heshima yake, kiti chake, Mama Léa msaidizi wake ambaye kwa muda mrefu ameona kiti hicho kingemkaa vizuri zaidi. Halafu alikumbuka kizingiti cha Kapya na sahani inayong'aa juu yake, akaona haya kwa hesabu zake.

Alhamisi mvua haikunyesha. Wanawake walifika, wakaketi kwenye viti na mikeka uani, rozari ikaanza. Walikuwa kwenye fumbo la tatu harufu ilipoingia. Mafuta ya moto, sukari, chachu: ilipitia mlangoni pa lupango, ilikozoea kupitia. Sauti za wanawake zilipungua. Hakuna aliyegeuza kichwa, lakini migongo yote ilijua. Honorine, aliyekuwa anaongoza, alipoteza hesabu, akarudia Salamu Maria ileile mpaka Mama Léa akakohoa.

Hakumaliza fumbo. Alisimama, rozari ikamning'inia mkononi.

"Bamama," akasema, "munajua ile harufu."

Rozari zikashuka mapajani.

"Mulikuwa hapa, ku bomba, ile siku nilimwanga chakula ya Kapya. Mama Léa ulikuwa. Mama Christiane ulikuwa. Nilitoka kwa nabii. Miye, mwenye kubakatazaka bantu kwenda kule, nilienda. Alinidanganya, nikaitika. Syntiche iko SS, damu ni ya bazazi bake, docteur aliniambia zamani, na nikaficha juu nilikuwa na haya. Kapya haikumulisha mutoto wangu kitu kibaya hata siku moja. Mulozi alikuwa kinywa yangu yenye haikufunguka."

Alitegemea minong'ono, labda hasira. Hakutegemea kwamba wangetazama chini. Mama Léa, ambaye angeweza kukipata kiti pale pale, alikuwa anavuta uzi kwenye kikwembe chake.

Aliyesema alikuwa Mama Mwajuma, jirani Mwislamu wa ng'ambo ya ukuta, aliyekuwa amekuja kuchota maji na kusimama na ndoo yake akingoja sala iishe. "Miye niliendeleaka kununua," akasema. "Lakini nilikuwa naficha mu kikwembe, musinione. Na miye basi ni mwema gani?" Akaweka ndoo chini, maji yakamwagika kidogo.

"Shiye bote tuliona," Mama Léa akasema kwa sauti ndogo. "Hatukuuliza."

Kapya aliingia wakati huo. Alikuwa ameshika sahani ya bati nyeupe yenye ua jekundu, imefunikwa kitambaa. Aliibeba kwa mikono miwili mpaka katikati ya uwanja, na wanawake wakasogeza miguu kumpisha. Shimo la takataka lilikuwa mahali pake palepale, na bomba mahali pake. Alisimama mbele ya Honorine, akafunua kitambaa. Vitumbula vilikuwa vya moto.

Honorine alinyoosha mkono. Lakini Kapya alikuwa amekwisha kuchukua kimoja. Akavunja kipande, akakitia kinywani. Akatafuna mbele ya wote, bila haraka, akameza, na kichwa akakiinua kidogo ili koo lake lionekane likimeza. Ndipo akatoa sahani.

Hapo ndipo Honorine alipoelewa. Haukuwa uroho. Wazee wa kwao wanapompa mgeni munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, huonja wao kwanza, mgeni ajue hakuna sumu kwenye kibuyu. Ni adabu ya mara moja, kisha watu hunywa na kucheka. Lakini Kapya alikuwa ameonja kwa kila mchimbaji, kwa kila mtoto, kila siku tangu mkokoteni ule, kwenye mtaa ambamo hakuna hata mmoja aliyemshuku, akila ushahidi wake mwenyewe kipande kwa kipande. Na Jumamosi, kwa Syntiche pia.

"Mulamu," Honorine akasema, "usionje. Mbele yangu usionje tena."

Kapya alitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Mukono ilishazoea," akasema. "Sijue namna ya kuiachisha."

Honorine alikula. Alikula kimoja, akala cha pili, wanawake wakapokea, Syntiche akachukua viwili bila kuulizwa, Mama Mwajuma akala chake akiwa amesimama peupe kando ya ndoo. Kapya alipita na sahani, na kwa kila mmoja alivunja kipande, akala kwanza, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumzuia. Sahani ilipokwisha, Honorine aliiosha kwa maji tu, akaweka nyanya na chumvi na limau, akaijaza mpaka ikawa nzito, akamrudishia. Kapya aliipokea. Hakusema amesamehe na hakusema hajasamehe. Aliinua mbabula yake akarudi Ruashi, kwani huko ndiko nyumba yake iliko sasa, na wateja wake.

Kwenye Pasaka Abbé Elisée alimuuliza Honorine mlangoni pa kanisa kama malipizi yake ameyamaliza. Honorine alijibu kwamba ameanza. Padri alidhani ni unyenyekevu, akatabasamu.

Kila Jumamosi sasa, wachimbaji wa Ruashi wanamkuta mwanamke wa pili kwenye kigoda kando ya Mama Kwanza-Mimi, mnene kidogo, rozari shingoni, anapuliza makaa. Kitumbula cha kwanza kikitoka kwenye mafuta hakingojwi kipoe: mwanamke huyo anakichukua kikiwa cha moto na kukila chote, mbele ya watu, ili awe ameshaonja yeye kwa niaba ya Kapya, mpaka machozi yanamtoka. Wanunuzi humcheka kwa ulafi wake. Halafu mnunuzi wa kwanza hutaja fungu lake, na mkono wa Kapya huenda kwenye sahani, huvunja kipande, na kuonja.